Kipaza Sauti Kilichofuta Injini

Karakana ya injini ilikuwa nyuma kabisa ya chuo, mahali ambapo wageni waliovaa viatu safi hawapelekwi. Sakafu yake ilikuwa na madoa ya oili ya miaka nenda miaka rudi. Ukutani zilitundikwa spana zilizopangwa kwa ukubwa, mithili ya watoto wa shule siku ya kupigwa picha, na katikati, juu ya fremu za chuma, zilikaa injini za kufundishia. Kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Ndiyo, ugonjwa! Injini za humo hazikuwekwa ziwe nzima. Moja ilikohoa, nyingine ilipiga chafya za moshi, nyingine ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na kazi ya mkufunzi wa karakana hiyo ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kuutambua ugonjwa kwa sikio kabla hawajashika spana.

Mkufunzi mwenyewe alikuwa bado kijana, lakini katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Aliwaamuru wanafunzi wafumbe macho, akawasha injini, kisha akauliza, "Haya, anaumwa wapi huyu?" Aliyekosea hakukaripiwa, aliambiwa asikilize tena. "Anayeifungua injini kabla ya kuisikiliza ni mchinjaji, si fundi," alipenda kusema, na wanafunzi walicheka ingawa walikuwa wameshausikia mzaha huo mara chungu nzima. Waliohitimu kwake walijulikana katika gereji za mjini kwa namna walivyoinamisha kichwa kwanza, kimya, kabla ya kutamka lolote.

Hata hivyo, hakuna mja asiye na kilema, na kilema cha kijana huyu kilikuwa kupenda vifaa kupita kiasi. Si kuvitumia, la hasha! Kuvichagua. Mwaka ule chuo kilikuwa kimeanzisha darasa la masafa, yaani darasa la watu wazima wenye kazi na familia mbali na chuo, wasomee huko huko waliko kwa simu na kompyuta, na waje karakanani wakati wa likizo tu kufanya kazi za mikono. Mkufunzi aliwatumia maandishi mazuri na picha zilizochorwa kwa ustadi. Ilipofika zamu ya kuwasikilizisha milio ya injini, akakwama. Simu yake, alisema, ilikuwa ya kusalimiana na watu. Kinasa sauti cha maktaba kilinguruma kama paka aliyeshiba. Kipaza sauti cha idara ya lugha, eti, kilikuwa na kutu kooni. Kila wanafunzi walipouliza somo la milio litakuja lini, jibu lilikuwa lile lile, "Subirini kidogo, kifaa kinakuja." Wiki zikapita, na wanafunzi wa masafa wakambandika jina: Mwalimu Subiri.

Ungeingia ofisini mwake ungedhani umeingia dukani. Stendi za kila urefu zilisimama pembeni, taa za kumulikia zilining'inia, na nyaya zilijiviringisha juu ya meza. Kitu kimoja tu usingekiona humo, nacho ni somo.

Miongoni mwa wanafunzi wa masafa alikuwamo mwanamke mmoja ambaye Subiri aliijua sauti yake kabla hajaijua yake mwenyewe. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, kifungua mimba wa nyumba yao. Zamani, mama yao alipoanza kuugua, dada huyu aliacha shule akashika mashine ya kusaga nafaka ya familia ili mdogo wake asome, na kila daraja alilopanda yule kijana lilitokana na unga wa mashine ile. Sasa mashine ilikuwa mikononi mwake kabisa, nywele zimeanza mvi, na siku aliposikia chuo kimefungua darasa la masafa alijiandikisha bila kumuuliza mtu. "Zamu yangu imefika," alisema, basi. Kuhamia chuoni asingeweza. Mama yao hakuwa na nguvu tena za kujiinua kitandani, na mikono iliyomwinua asubuhi na jioni ilikuwa ya binti huyo. Darasa la masafa ndilo lililokuwa mlango wake wa pekee.

Siku moja alasiri, Dada alipiga simu.

"Mwalimu," alianza, kwa maana katika mambo ya masomo hakumwita kwa jina la nyumbani ng'o, "kurasa zako zote nimezisoma. Umeandika kuna mlio wa kugonga mwepesi na mlio wa kugonga mzito. Huo mwepesi ni mwepesi kama nini? Kama kijiko kwenye kikombe au kama kucha kwenye meza?"

"Ukiusikia utaujua, Dada."

"Sasa si ndiyo nataka kuusikia!"

"Subiri kidogo. Nimeagiza kipaza sauti kizuri sana. Kikifika, utasikia mpaka oili inavyotembea."

Upande wa pili ukasikika mguno. "Mdogo wangu, wewe herufi ulijifunza kwenye unga uliomwagika sakafuni, nikikuandikia kwa kidole. Kwani ulisubiri ubao?"

Subiri akacheka, akageuza mazungumzo kuuliza hali ya mama. Lakini neno lile lilimchoma, na baada ya kukata simu alikaa kitambo akiitazama meza yake iliyojaa nyaya.

Haikuchukua muda, mkuu wa idara akaingia ofisini bila kubisha. Alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa haraka, na funguo alizozivaa kiunoni zilimtangaza kabla hajafika. Siku hiyo hata funguo zilisikika zimekasirika.

"Mwanangu, mambo yameharibika," alisema. "Kwenye baraza la taaluma kuna wanaosema ufundi wa sikio haufundishiki kwa mbali. Wanasema ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa barua. Mwenyekiti amekata shauri: Alhamisi wanakuja hapa karakanani kushuhudia somo lako la milio, na wanafunzi watakuwa wanasikiliza huko kwao. Wakiridhika, darasa linaendelea. Wasiporidhika, wanafunzi wote wa masafa watatakiwa kuhamia chuoni muhula ujao, la sivyo waache."

Akilini Subiri alimwona dada yake akikunja madaftari na kuyarudisha kabatini, bila neno la lawama, kama alivyofanya zamani.

"Somo unalo?" mkuu wa idara akauliza.

"Lipo, Mama. Linasubiri kifaa tu."

"Subira yako hiyo itatuzika wote," akasema yule mama, akaondoka na funguo zake.

Mungu si Athumani, kifaa kikafika Jumatano. Subiri alilifungua boksi kwa uangalifu wa mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa cheusi, kizito, kizuri cha kutazama. Maelezo yake yalijigamba kwamba kina akili yake chenyewe: kinaitambua sauti ya msemaji na kufuta makelele mengine yote. Kujaribu hakukuwa na shida, maana karakana jirani ilikuwa ya wachomea vyuma, na muda huo walikuwa wakiponda mabati kwa nyundo mpaka madirisha yanatetemeka. Subiri alisoma maneno machache, kisha akajisikiliza. Lo! Sauti yake ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Nyundo hazikusikika hata moja. Alimwita mkuu wa idara, naye aliposikia akapiga makofi.

"Na injini umeijaribu?" yule mama akauliza.

"Mama, chombo kinanasa hata pumzi zangu. Kitashindwaje na injini inayopiga kelele za kuamsha mtaa?"

Jibu lilikuwa na mantiki tele. Mkuu wa idara akaridhika, Subiri akaridhika zaidi, na usiku huo alilala kama mfalme.

Alhamisi wajumbe wa baraza wakaingia karakanani wakiinua pindo za nguo zao kuepa oili. Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba mwenye suti kuukuu na sauti ya upole, aliyekula chumvi nyingi na mwenye sifa ya kuuliza maswali mafupi yanayouma. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, zilionekana nyuso za wanafunzi: fundi wa pikipiki akiwa kibandani kwake, mhudumu wa jenereta ya hospitali akiwa kwenye ngazi za nyumbani kwake, na wengine wengi. Dada alionekana pembeni, nyusi zimejaa unga, mashine ya kusaga ikiwa nyuma yake.

Subiri alisimama mbele ya kipaza sauti akawasalimu.

"Eh, Mwalimu!" fundi wa pikipiki akasema. "Leo unasikika kama umekaa ndani ya sikio langu!"

Wajumbe wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa. Subiri akavimba kichwa kidogo. Mapema asubuhi alikuwa amelegeza tapeti za injini moja ya petroli, vile vipande vidogo vinavyosukuma vali, ili itoe mlio wa kugonga mwepesi. Akaiwasha. Injini ikaunguruma, na juu ya muungurumo huo ukasikika mgongano mkali wa haraka haraka, tik-tik-tik-tik, hata wajumbe wawili wakaziba masikio. Subiri akaugeukia ukuta akitabasamu.

"Haya, wanafunzi wangu, anaumwa wapi huyu?"

Nyuso ukutani zilisogea karibu. Dada aliweka sikio kwenye simu yake, basi ukutani likatokea sikio tupu, kubwa kama ungo.

"Mwalimu," fundi wa pikipiki akasema kwa adabu, "ukishawasha utuambie."

"Nimeshawasha!"

"Umewasha nini?"

Mjumbe mmoja akacheka kwa pua. Subiri akakinyakua kipaza sauti, akakisogeza karibu na injini, karibu kabisa, mpaka kikawa kinatetemeka pamoja nayo. "Na sasa?"

"Sasa hata ule upepo niliokuwa nausikia umenyamaza," akajibu mhudumu wa jenereta.

"Mimi nadhani huyo mgonjwa amepona," mwingine akachangia. "Injini haitoi hata pumzi. Hongera, Mwalimu!"

Wajumbe wakaangua kicheko. Subiri hakucheka. Hapo ndipo alipoelewa. Kifaa kile kilifanya kazi yake barabara. Kilifundishwa kwamba sauti ya mtu ndiyo maneno na kila kisicho maneno ni makelele ya kufutwa. Na ugonjwa wa injini ni nini kama si makelele? Kilikuwa kimelifagia somo lote, kikamwacha mwalimu peke yake, msafi, hana cha kufundisha. Alihangaika kutafuta namna ya kuizima akili ile, lakini kompyuta ikaanza kupakia sijui nini, duara likawa linazunguka tu kwenye kioo.

Mwenyekiti akamgusa bega. "Kijana, sisi tunakwenda kunywa chai. Tukirudi tutaomba tusikie somo. Tusipolisikia, tutaandika tulichokiona."

Walipotoka, Subiri alizima injini akakaa juu ya kreti. Mkuu wa idara alisimama kando yake akichezea funguo. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kifaa kingine kipo?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Kwenye kundi la darasa ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Dada. Akaufungua. Kwanza ulivuma upepo, kisha jogoo akawika, mlango ukagongwa mahali fulani. Na chini ya vurugu hiyo yote, kwa mbali lakini dhahiri, kitu kilikuwa kinagonga. Baada ya hapo ikafuata sauti ya Dada mwenyewe: "Mwalimu, tangu juzi mashine yangu inalia hivi. Niliona haya kukutumia, maana ulisema simu haifai. Lakini leo naona hata kile kinachofaa hakijafaa. Hebu nisaidie, inaumwa wapi?"

Subiri akausikiliza tena. Akainuka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye bisibisi ndefu kuliko zote pale ukutani. Mafundi wana desturi yao ya tangu enzi: ncha ya bisibisi huiweka juu ya injini na mpini sikioni, sauti ikapanda ndani ya chuma mpaka kichwani, na hivyo hujua ugonjwa umejificha upande gani. Subiri aliwafundisha hivyo wanafunzi wote wa karakanani. Akaiwasha injini, akaweka ncha juu ya vali, na mpini, badala ya kuupeleka sikioni, akaugusisha kwenye simu yake ya kusalimiana na watu, pale chini penye kitundu cha sauti. Akarekodi.

"Huu ndio mlio mwepesi," alisema baada ya kuutuma. "Unatoka juu. Tapeti zimelegea. Sasa sikilizeni pale chini, palivyo salama." Akatuma mwingine. Akatuma na wa tatu, ubavuni. Haukuwa wimbo wa harusi. Ulikwaruza, ulivuma, lakini ugonjwa ulikuwemo, mzimamzima.

Majibu yakamiminika.

"Alaa! Kumbe ndiyo huu!" akapiga kelele fundi wa pikipiki.

"Kijiko kwenye kikombe," akasema Dada polepole, kama mtu aliyeonja kitu. "Nilijua ni kijiko."

Mkuu wa idara aliyekuwa amesimama kama mlingoti akaanza kucheka peke yake.

Baraza liliporudi na harufu ya chai, lilikuta karakana imechangamka kama soko la asubuhi. Mwenyekiti alisikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Hayo mmekwisha kuelezana," alisema. "Mimi nataka jipya. Kijana, iharibu tena hiyo injini, uharibifu mwingine, na usiwaambie kitu."

Subiri akachomoa waya wa plagi moja. Injini ikaanza kuchechemea na kutikisa fremu yake. Akarekodi kwa bisibisi na simu, akatuma. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ukutani, na wajumbe hawakukumbuka tena habari ya oili na viatu vyao.

"Huyu anachechemea," fundi wa pikipiki akaanza. "Silinda moja imelala. Mimi ningeanza na plagi."

"Na mimi nasema hivyo hivyo," akaunga mkono mhudumu wa jenereta.

"Ngojeni kwanza," Dada akasema. Alikuwa amefumba macho. Unga ulimwangukia mashavuni. "Kuchechemea kweli anachechemea. Lakini kile kijiko bado kinagonga huku juu. Huyu ana magonjwa mawili. Plagi imekufa, na tapeti hazijakazwa."

Mwenyekiti akamgeukia Subiri. "Mimi niliomba ugonjwa mmoja."

Subiri akajishika kichwa. Katika pilikapilika zile alikuwa amesahau kuuponya ugonjwa wa kwanza. "Ni kweli, Mzee," alikiri. "Yako mawili. Mwanafunzi wangu amenishika."

Karakana nzima ikapiga makofi, na Dada ukutani akafunika uso kwa khanga kwa furaha iliyochanganyika na aibu. Subiri akabaki anamtazama. Ni mtu huyo huyo aliyeacha shule ili yeye asome, na sasa alikuwa akijibu maswali mbele ya baraza zima, na akijibu sawasawa.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kulizuia darasa. Kila mwanafunzi alitaka kutuma injini yake. Ikaja pikipiki, ikaja pampu ya maji, ikaja trekta la jirani wa mtu. Mhudumu wa jenereta naye akatuma wake: muungurumo mzito unaopanda taratibu, unaokatika ghafla, kisha unaomalizika kwa mluzi mwembamba. Wenzake wakajadiliana kwa uzito. Mmoja akasema ekzosi imetoboka. Mwingine akasema hapana, ni kichujio cha hewa kimeziba. Hata Subiri akasikiliza mara mbili.

"Hewa inapita kwa shida mahali," akatoa uamuzi, "na mizunguko hailingani. Injini hii ni ya zamani sana. Ningeshauri ifunguliwe yote."

Hapo mhudumu wa jenereta akasema kwa sauti ya chini, "Samahani jamani, nimebonyeza siko. Huyo ni baba mkwe wangu. Amelala sebuleni."

Wacha wee! Watu walivunjika mbavu. Mkuu wa idara alishikilia meza asianguke, funguo zikilia kiunoni. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta machozi. "Msimfungue!" alisema huku akihema. "Mwacheni mzee wa watu apumzike!"

Vicheko vilipotulia, Dada akakohoa kidogo. "Na mimi je? Yangu bado inagonga."

Ugonjwa wa mashine ile Subiri alikuwa ameshaukisia, lakini akawageukia wengine. "Msiniulize mimi. Mwulizeni mgonjwa."

Basi wakamwongoza. Fundi wa pikipiki akamwambia achukue bisibisi ndefu, aiweke juu ya kichwa cha injini, kisha ubavuni, kisha kule mkanda unapoanzia. Dada aliwasha mashine, akawa anahama mahali hadi mahali huku amebana simu kwenye mpini, akituma ujumbe baada ya ujumbe. Juu palikuwa shwari. Ubavuni shwari. Mwishoni, karibu na puli inayoshika mkanda, mgongano ukatoka mzito, du, du, du, kama mtu anayepiga mlango akiwa na hasira.

"Dada, injini yako haina neno!" fundi wa pikipiki akasema. "Zima, ushike puli uitikise."

Akazima. Akaiegemeza simu kwenye gunia, na ukutani walimwona anainama, kisha anainuka ghafla, macho yamemtoka. "Inacheza! Naizungusha kwa mkono mtupu!" Akachukua spana akakaza, jasho likimchora mistari kwenye unga wa usoni. Akawasha tena, akarekodi, akatuma.

Karakana ikatulia. Kutoka kwenye simu ndogo ya Subiri ulitoka muungurumo laini, wa kulingana, usio na doa. Kisha, mbali kidogo nyuma ya muungurumo huo, ikasikika sauti ya kizee, dhaifu lakini yenye ukali wake wote: "Hatimaye! Siku zote hizi mlikuwa mnanipasua kichwa bure!"

"Huyo ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mama yangu," akajibu Subiri, na wakati ule ule, ukutani, Dada naye akajibu, "Mama yangu."

Mwenyekiti akamtazama mkufunzi, akautazama ukuta, akamtazama tena mkufunzi. Taratibu tabasamu likamjia. Akawageukia wajumbe wenzake, naye hakuwa na haja ya kuwauliza, maana kila mmoja alikuwa ameshainua mkono.

"Nilikuja na shaka zangu," alisema. "Ninaziacha hapa hapa, mtazisafisha pamoja na oili. Darasa la masafa linaendelea. Na wewe mama mwenye mashine, hakuna atakayekwambia uhame. Baki na mgonjwa wako, na masomo tutakuletea hapo hapo."

Dada alitaka kusema asante. Akapiga kigelegele badala yake, na wenzake wenye sauti za kike wakampokea, mwishowe hata wachomea vyuma wa karakana jirani wakaacha nyundo zao kuja kuuliza kulikoni. Subiri hakuona haya kulia mbele ya baraza. Alijifuta kwa kitambaa cha oili, akajipaka weusi uso mzima, watu wakazidi kumcheka.

Kile kipaza sauti cheusi kilipelekwa idara ya lugha wiki ile ile, kikapokewa kwa shangwe, kwani kule maneno ndiyo kazi yenyewe. Stendi na taa zikagawiwa waliozihitaji. Ofisini mwa Subiri ikabaki meza, kiti, na bisibisi moja ndefu.

Kabla hawajaagana siku ile, Dada alikuwa ameuliza swali la mwisho. "Mwalimu, somo linalofuata lini? Au kuna kifaa tunachokisubiri?"

"Kesho asubuhi," akajibu mdogo wake. "Na mkichelewa, sitawasubiri."

Wakacheka wote, wakaenda zao kutafuta bisibisi. Mgonjwa hakutibiwa na chombo chenye akili. Aliponywa na simu ya kukwaruza iliyoshikwa na mtu aliyeamua kuanza kazi. Naye atakayebisha na aende akaiulize mashine ile ya kusaga, imwambie kwa muungurumo wake mtamu: mchagua jembe si mkulima.